Darasa la tatu na hajui kusoma: tuanze na masomo ya ziada, ngoma au mnasihi? (Shule za msingi Dodoma)

#1 Chaki ya Mpwapwa

Mbukwenyi wana jamvi. Nina hoja kwa wanaoijua shule ya msingi kwa ndani.

Chukulia shule ya serikali pembeni ya Jiji la Dodoma, watoto kama 500. Kamati ya shule na wazazi wamekubaliana kutenga dakika 40 baada ya vipindi, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa watoto wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma. Walimu watatu wamejitolea. Mmoja anataka muda wote uwe wa kusoma na kuhesabu. Wa pili anataka ngoma na uimbaji, anasema watoto hawa wameshachoshwa na ubao. Wa tatu anataka unasihi, yaani muda wa kukaa na mtoto mmoja mmoja, amsikilize.

Msimamo wangu: kusoma kwanza, mengine yafuate. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Muda wa kumvuta mtoto aliyebaki nyuma umepungua kwa mwaka mzima. Aliyefika la tatu bila kusoma, kitabu cha Sayansi kwake ni picha tu, na upimaji wa darasa la nne hauko mbali.

Anayenipinga aje na hoja za kazi, tuchambue.

#2 Hesabu Kavu

Nakuunga mkono, ila "kusoma kwanza" peke yake si mpango. Walimu wengi wakipewa hizo dakika 40 wanarudia somo la asubuhi kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto aliyeshindwa saa 3 asubuhi atashindwa tena saa 8 mchana.

Mpime kila mtoto peke yake, dakika tatu hadi tano zinatosha. Kadi moja tu: herufi 20 zilizochanganywa, silabi 10, maneno 10, halafu aya ya sentensi nne yenye maswali matatu. Usimpe kitabu cha darasani, kwa sababu wengi wamekariri kurasa. Utamsikia mtoto anatiririka vizuri, ukifunika picha ananyamaza. Kisha panga makundi kwa pale mtoto alipokwama, si kwa darasa analosoma: kundi la herufi, la silabi, la maneno, la aya. Kundi lisizidi watoto 20. Wa la nne aliyekwama kwenye herufi anakaa na wa la tatu, na makundi yaitwe Mbuyu, Mkwaju, Zabibu, chochote, lakini yasiitwe A, B, C. Kila baada ya wiki nne pima tena. Anayepata 8 kati ya 10 anapanda.

Hesabu hivyohivyo. 42 toa 17, watoto wengi wanaandika 35. Huyo ana akili zake timamu: ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5, kisha 4 toa 1 ni 3. Ukimpa maswali 20 ya aina hiyo bila vifaa atakosa yote 20 kwa njia ileile. Mpe mafungu manne ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni, mwambie akutolee 17. Vile viwili havitoshi 7, kwa hiyo atalazimika kufungua fungu moja. Hapo ndipo "kukopa" kunamwingia. Andika ubaoni baada ya vijiti, si kabla.

#3 Ilimba

Chaki, umesema hoja za kazi. Shika hii.

Sanaa si nyongeza ya hisani. Ipo kwenye ratiba: Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa la kwanza na la pili, Sanaa na Michezo kuanzia la tatu. Kinachotokea ni kwamba upimaji ukikaribia, vipindi hivyo vinamezwa na Hisabati na Kiswahili. Kwa hiyo mnapouliza "tuongeze muziki?" mnauliza kama mtoto arudishiwe kilicho chake.

Halafu mnauliza swali hili Dodoma! Mtoto wa Kigogo anakua akisikia nyimbo za sauti nyingi, kiongozi anatoa, wengine wanapokea, kila kundi na mstari wake. Kushika sauti yako huku jirani anaimba nyingine kunataka kusikiliza, kusubiri zamu na kukumbuka. Hayo ndiyo mnayoyatafuta darasani.

Mgawanyo wa dakika 40 unaofanya kazi: dakika 5 makofi ya kuigiza, mwalimu anapiga watoto wanarudisha; dakika 10 kupiga silabi za maneno; dakika 15 wimbo wa mwito na kiitikio; dakika 10 za mwisho maneno ya wimbo yanaandikwa ubaoni na watoto wanayasoma kwa kidole. Hicho kipande cha mwisho ndicho wengi wanakiruka, ngoma inabaki kuwa ngoma, halafu wanasema muziki hausaidii kusoma.

#4 Mzazi wa Nkuhungu

Naomba kuuliza, mimi si mwalimu. Si kila mtoto serikali inamtolea 10,000 kwa mwaka? Watoto 500 ni milioni tano. Kwa nini shule isinunue vitabu, ngoma na hata kinanda?

#5 Chaki ya Mpwapwa

Mzazi, 10,000 ndiyo hesabu ya jumla, ila 4,000 huzuiwa kwa ajili ya vitabu na inayofika shuleni ni 6,000. Watoto 500 ni 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za majaribio, ukarabati, michezo na uendeshaji wa ofisi. Kinanda hakimo. Wazazi wanaweza kuchangia kwa hiari yao kwa kufuata utaratibu wa halmashauri, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Ilimba, mgawanyo wako nimeupenda. Bado sijasikia kwa nini niwape ngoma watoto wasiojua herufi.

#6 Mnasihi wa Kata

Salamu kwenu. Nyote mnadhani tatizo la mtoto liko kwenye herufi au kwenye mdundo. Kabla ya yote hayo, fungueni rejesta.

Chukua rejesta ya miezi mitatu ya mtoto mmoja mmoja, angalia hakuja siku gani za wiki. Anayekosa siku ya mnada kila mara, yupo mnadani au ameachiwa wadogo zake. Anayekosa Jumatatu mara kwa mara, ulizia wikiendi nyumbani kuna nini. Anayepotea Januari hadi Machi, angalia njaa na kilimo. Anayefika kila siku na bado hasomi, huyo mpeleke kwa Hesabu Kavu. Aliyekuwa anasoma vizuri halafu akashuka ghafla ndani ya muhula mmoja, huyo ni wangu, na ni wa haraka. Kushuka ghafla kuna sababu: msiba, wazazi kutengana, kuhamishiwa kwa ndugu, kipigo, au jambo baya zaidi la kuguswa na mtu mzima.

Sasa utaratibu wa kukaa naye, maana hapa ndipo shule nyingi zinaharibu. Kaa mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Chini ya mti ulio mbele ya ofisi panafaa kuliko ofisi iliyofungwa mlango. Kaa ubavuni kwake, usimkabili na meza katikati. Dakika 15 hadi 20, si zaidi. Mwanzoni kabisa mwambie: "Tutakayoongea ni yetu, ila nikisikia kuna kitu kinakuumiza, nitamwambia mtu wa kutusaidia." Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Usimwulize "kwa nini". Neno hilo kwa mtoto ni mashitaka. Uliza "ikawaje?" na "halafu?" Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyapambe.

Na mwalimu wa nidhamu asiwe mnasihi. Mtu huyohuyo hawezi kushika fimbo saa 4 na kuaminiwa saa 8.

#7 Macho Kwanza

Nashukuru kwa uzi huu. Naona mmeruka hatua.

Huku kwetu vikope vimesumbua miaka mingi, Kongwa imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miongo. Mtoto anayepepesa, anayekwepa mwanga, anayenakili vibaya kutoka ubaoni ila anasoma daftari lake vizuri akilisogeza puani, huyo tatizo lake ni macho. Chati ya E ya kugeuza, yaani herufi E zilizoelekea pande tofauti na kupungua ukubwa kila mstari, inatosha: mita 6 kamili, pima kwa futi kamba, usikadirie kwa hatua. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, mtoto aonyeshe kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Kisha jicho la pili. Akishindwa mstari wa 6/12 (ule ambao jicho zima huusoma kwa mita 12) kwa jicho lolote, mpe barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali yenye huduma ya macho. Fanyia nje kivulini, si juani wala darasani kwenye giza.

Masikio: simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, nong'ona neno la silabi mbili, alirudie. Anayetoa usaha sikioni asipewe mafuta ya moto wala maziwa, aende kituo cha afya. Na yule "mvivu" anayeduwaa sekunde chache katikati ya sentensi, macho yamekaza, kisha anaendelea bila kujua kilichotokea, anaweza kuwa na kifafa cha aina ya kuduwaa. Mnasihi hawezi kukiona kwa mazungumzo, na mwalimu wa ngoma naye atamwona ametoka kwenye mdundo tu.

Vibuyu chirizi viwili karibu na madarasa, na uso unawe kila asubuhi. Hakuna kinachopunguza vikope kwa gharama ndogo kama hicho.

#8 Kwaya Makole

Ilimba, nina swali la kitaalamu. Watoto wa huku wakiimba nyimbo zao za asili na ukiwafuatisha na kinanda, sauti moja inakuwa chini kila mara. Unawarekebisha, dakika moja wanarudi palepale. Ni masikio au ni mafunzo?

#9 Ilimba

Kwaya Makole, masikio yao ni mazima. Ngazi ya sauti za Kigogo inatoka kwenye sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi au bomba linapotoa mlio. Sauti ya saba kwenye mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua kati ya kitufe na kitufe cha jirani. Kinanda chako hakina kitufe chake. Ukimlazimisha mtoto apande hadi kwenye kitufe, unamwondoa kwenye wimbo wake na unamfanya aamini hajui kuimba.

Nyimbo za asili ziongozwe na ilimba (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), zeze au sauti ya mtu mzima anayezijua. Kinanda na do-re-mi vibaki kwa nyimbo za kwaya na wimbo wa taifa. Vyote viwili vifundishwe, lakini visichanganywe ndani ya wimbo mmoja.

#10 Bahi Sokoni

Kumbe ndiyo maana. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki yule wa Bagamoyo, alikuwa anapiga ilimba inalia kama ina nyuki ndani, kinanda hakitoi ule mlio.

#11 Ilimba

Bahi Sokoni, Bagamoyo alifanya kazi na kufundisha kwenye chuo cha sanaa hadi alipofariki 2003, ila Hukwe Zawose ni Mgogo wa Dodoma, tusimgawe bure. Mlio unaousikia unatoka kwenye utando wa kifuko cha mayai ya buibui unaobandikwa kwenye tundu la sanduku, pamoja na vipete au shanga kwenye vijiti vya chuma. Utando ukipasuka mlio unakufa, mtu anadhani ilimba imeharibika. Watoto wanaweza kuubadilisha wenyewe, ni kazi nzuri ya mikono kwa wa la nne.

#12 Hesabu Kavu

Tumeanza na mtoto asiyesoma, tumefika kwenye buibui. Turudi.

Ilimba, zile dakika 10 za "kupiga silabi" ndizo ninazotaka uzieleze. Kama zinafanya kazi nitazichukua mimi.

#13 Ilimba

Haya. Kofi moja kwa kila silabi. Ki-bu-yu, makofi matatu. Ma-ji, mawili. Anza na maneno ya konsonanti na irabu tu, wiki ya kwanza usitoke hapo. Wiki ya pili leta maneno yanayoanza na m na n, maana hapo ndipo mtoto anapokwama kusoma pia. M-to-to ni matatu, m ya mwanzo ina kofi lake. Lakini mbu-zi ni mawili, mb inakwenda pamoja. Nyu-mba mawili, ng'o-mbe mawili. Mtoto anayepiga matatu kwenye "mbuzi" ndiye yule anayeandika "mubuzi" kwenye imla. Umemgundua bila kalamu.

Baada ya makofi hamia kwenye ngoma au meza, halafu kwenye kadi: kila kofi, kadi moja ya silabi inawekwa chini. Mwisho anazisoma kadi zikiwa zimepangwa. Kofi, kadi, sauti. Ukiruka kadi umebaki na mchezo.

#14 Bahi Sokoni

Na "mbwa" ni makofi mangapi?

#15 Kwaya Makole

Moja.

#16 Ilimba

Mawili. M-bwa. Imba "mbwa" kwa kuvuta, utaona m inabeba mkazo wake. Na "mbu" vilevile, m-bu.

#17 Kwaya Makole

Kwenye kwaya tunaiweka kwenye noti moja na inakaa vizuri tu. Sikubali.

#18 Chaki ya Mpwapwa

Mbwa na mbu wasubiri nje wakati mnajadiliana, uzi uendelee. Ila kuna kitu cha kuongeza hapo. Mtoto anayezungumza Kigogo nyumbani akiona "rafiki" anaweza kusoma "lafiki", kwa sababu ulimi wake umezoea l. Huyo amesoma. Ukimhesabia kosa kwenye kipimo cha Hesabu Kavu utamshusha kundi bure. Kosa la matamshi liandikwe pembeni, lishughulikiwe kwenye imla. Anayeona "rafiki" akasema "samaki" kwa sababu ameona picha ya samaki, huyo ndiye hajasoma. Na Kondoa na Chemba msidhani wote ni Wagogo, kuna Warangi na Wasandawe, matatizo ya ulimi ni mengine.

#19 Hesabu Kavu

Nakubali kuhusu l na r. Kofi-kadi nalichukua kwa kundi la silabi tu. Kundi la aya halilihitaji. Hao wanahitaji kusoma kwa mfululizo na maswali ya uelewa. Kiwango kilichowekwa cha darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, lakini mtoto anaweza kuyafikisha bila kuelewa hata moja. Kila aya, maswali matatu: moja jibu limo ndani ya sentensi, moja jibu liko sentensi mbili tofauti, moja la "unadhani kwa nini". Anayeanguka la pili na la tatu anasoma kwa mdomo tu.

#20 Nidhamu Bora

Samahani, mnabembeleza sana watoto. Sheria inaruhusu viboko. Kanuni zinasema sita, na mtoto akijua fimbo ipo, anasoma.

#21 Mnasihi wa Kata

Nidhamu Bora, kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne. Vinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu pamoja na sababu. Ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Kushindwa kusoma hakumo. Mwalimu anayempiga mtoto kwa kukosa "42 toa 17" yuko nje ya kanuni hizo.

Na kwa upande wa kazi: mtoto anayeogopa fimbo anajifunza kutokuonekana. Anakaa nyuma, ananakili kwa jirani, anaitikia kwa pamoja na darasa zima. Kwenye rejesta yupo, kwenye daftari majibu yapo, ukimpima peke yake hana kitu. Hao ndio wengi kwenye kundi la herufi, na ndio wanaochukua muda mrefu kuliko wote kufungua mdomo mbele ya kadi.

#22 Nidhamu Bora

Idadi nimeiona. Lakini darasa la watoto 90 wakati kiwango ni mwalimu mmoja kwa 45, unalidhibiti na nini? Mti wa mbele ya ofisi?

#23 Kwaya Makole

Mwito na kiitikio. Nasema kweli. Watoto 90 wakipiga kelele, ukipiga makofi ya mdundo wenye pengo mwishoni, wanalijaza pengo wenyewe, na baada ya mara tatu darasa lina mdundo mmoja. Weka mdundo mmoja maalumu wa "kalamu chini" na mwingine wa "simameni", usiubadilishe muhula mzima. Walimu wanashindwa kwa sababu kila siku wanakuja na mwingine.

#24 Kapu la Uwele

Wadau, naona macho, masikio, fimbo na buibui. Tumbo je?

Saa 8 mchana ambayo Chaki anaitaka, mtoto aliyetoka nyumbani saa 12 asubuhi bila kitu ameshamaliza nguvu. Kipindi chochote mtakachoweka hapo, kiwe cha kadi au cha ngoma, kitapimwa na njaa. Uji wa shule: gramu 50 za unga kwa kikombe cha mililita 300. Watoto 500 ni kilo 25 kwa siku, siku 20 za shule ni kilo 500, yaani magunia matano ya kilo mia kwa mwezi. Kwa watoto wa kipindi cha ziada peke yao, tuseme 80, ni kilo 4 kwa siku. Hiyo kamati inaimudu. Unga wa uwele au mtama unashika vizuri na wazazi wanao wakati wa mavuno, kwa hiyo kusanyeni Juni na Julai, si Februari wakati ghala la nyumbani limekauka.

Mkikusanya mahindi au karanga, msiweke chini. Chaga za mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, na nafaka iwe imekauka hadi punje inavunjika kwa jino, haibonyei. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kupika.

#25 Macho Kwanza

Kapu umenena. Naongeza kwamba uji uje kabla ya kipindi, dakika 20 kabla, wala usitumike kama zawadi ya kumaliza.

#26 Chaki ya Mpwapwa

Mnazidi kuniongezea kazi kabla ya herufi a. Macho, masikio, uji, rejesta, sasa kusoma kumekuwa namba tano. Mwalimu mmoja aliyejitolea atafanya yote haya lini?

#27 Mnasihi wa Kata

Hafanyi yote. Kupima macho na masikio ni kazi ya wiki moja mwanzoni mwa muhula, ombeni mhudumu wa zahanati awepo siku ya kwanza awaelekeze. Rejesta ni jioni mbili. Kinachobaki cha kila wiki ni kusoma, muziki na watoto watatu hadi wanne wa kukaa nao.

#28 Mzazi wa Nkuhungu

Na mtoto akimwambia mwalimu jambo zito? Shule nyingine zinamwita mzazi siku hiyohiyo, kumbe mwenye kosa yuko nyumbani. Na lile sanduku la maoni, anayelifungua ni nani?

#29 Mnasihi wa Kata

Swali muhimu kuliko yote kwenye uzi huu, Mzazi.

Jambo zito likitajwa: usimhoji zaidi ya kinachohitajika kujua yuko salama leo au la. Wewe si mpelelezi, na kila mara mtoto anaporudia kusimulia anaumia upya. Usimwite mzazi wala ndugu kabla hujajua mtuhumiwa ni nani. Siku hiyohiyo mwambie mwalimu mkuu, na kupitia yeye afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kama anayetajwa ni mwalimu mkuu au mwalimu mwingine, pita juu yake, nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au polisi. Namba 116 ya kumsaidia mtoto haina malipo, iandikwe ukutani darasani kwa rangi, si kwenye karatasi. Kama ni ukatili wa kingono, hospitali kabla ya saa 72 kupita kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, mtoto asiogeshwe, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu wa plastiki unaharibu ushahidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa ya mtoto kudhulumiwa atoe taarifa, kwa hiyo "tumeyamaliza kifamilia" haimwondolei mwalimu wajibu.

Sanduku: kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mnasihi, wa pili kwa mjumbe mwanamke wa kamati asiye mwalimu. Lifunguliwe kila Ijumaa, kila karatasi ipewe namba, jina lisiingie kwenye muhtasari wa kikao. Litundikwe njia ya chooni au kisimani ambako kila mtoto anapita. Likiwa mlangoni mwa ofisi hakuna atakayeonekana akilikaribia. Na wasiojua kuandika wachore. Mtoto wa kundi la herufi ndiye asiyeweza kuandika "nisaidieni".

#30 Ilimba

Na ndiyo maana ngoma ni mlango wa unasihi, mnasihi mwenyewe akubali. Mtoto asiyeongea kwenye kiti chini ya mti anaongea akiwa anashona njuga za vizibo. Vizibo vya soda viponde kwa jiwe, toboa kwa msumari, tunga kwenye kamba ya mkonge, 20 kwa kila mguu. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unalegea.

#31 Mnasihi wa Kata

Nakubali nusu. Anaongea, lakini mbele ya wenzake kumi. Likitoka jambo zito pale, limeshasambaa kijijini kabla ya saa 11 jioni. Mwalimu wa ngoma afundishwe kusema, "Hilo tutaliongea baadaye wewe na mimi," bila kubadilisha sura, kisha amlete siku hiyohiyo.

#32 Hesabu Kavu

Basi pendekezo langu kwa Chaki: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi makundi ya kusoma na hesabu, kofi-kadi ndani ya kundi la silabi. Jumanne ngoma. Mnasihi achukue mtoto mmoja mmoja kutoka siku ya ngoma, asiguse siku za kusoma.

#33 Ilimba

Kumtoa mtoto kwenye ngoma kila Jumanne ni kumwonyesha kwa wote, watajua "huyo ana shida". Na siku moja ya ngoma haitoshi, wiki nzima ikipita sauti zimesahaulika. Ngoma Jumatatu na Jumatano.

#34 Chaki ya Mpwapwa

Siku mbili sikupi, Ilimba. Nakupa dakika 10 za mwanzo kila siku na Jumanne yote, na mnasihi achukue watoto wake wakati wa uji ambapo kila mtu anatembeatembea. Hesabu Kavu nitumie ile kadi ya kupimia hapa kwenye uzi, na Macho Kwanza weka vipimo vya kuichora E yenyewe.

#35 Macho Kwanza

E ya mstari wa 6/60 ina urefu na upana wa milimita 87 hivi, ya 6/12 milimita 17 na nusu. Miguu mitatu na mapengo mawili, vyote unene sawa, yaani kila kimoja ni sehemu moja ya tano ya urefu. Wino mweusi, karatasi nyeupe isiyong'aa.

#36 Kwaya Makole

Dakika 10 za kila siku ni wazo zuri kuliko siku mbili. Ila masika ngozi za ngoma zinalegea, msisubiri hadi saa 8 ndipo mgundue. Zitoeni juani saa 6, zikikosa jua zisogezwe mita moja kutoka jiko la uji, zigeuzwe kila baada ya dakika chache, zisikauke upande mmoja zikapasuka.

#37 Ilimba

Mita moja ni karibu mno kwa ngozi ya mbuzi. Moja na nusu.